Kitambaa Juu ya Kompyuta

Mogogosiek, 9 Agosti 1998

Kaka Kipkirui,

Hapa sisi wazima, mvua iko na majani ya chai tunachuma vizuri.

Lakini hii kompyuta ndogo uliyotuma imenichosha! Inanguruma kama mashine ya kiwandani, na kila nikicheza mchezo wa magari inapata moto na kuzimika. Mama ameifunika kwa kitambaa alichofuma. Nikikitoa, anarudisha. Nilimwambia inahitaji hewa, akasema, "Hiyo ni ya Kipkirui, isiingie vumbi kabla arudi."

Miaka minne tangu uondoke, kaka.

Usitume feni ingine ya kuipoza, wala ile kadi ya picha uliyoahidi. Nimeifungua kompyuta, ndani hakuna nafasi hata ya kidole. Nafasi iko mezani, kwenye kiti chako. Njoo utoe hicho kitambaa wewe mwenyewe.

Dada yako aliyechoka,
Chelangat