Kisogo cha Baba

Buhongwa, Mwanza
Jumapili, baada ya misa

Mama mpendwa,

Kabla hata sijakuamkia acha niseme hili, maana nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu kama kawaida yangu. Mimi sura ya Baba siikumbuki. Sijawahi kumwambia mtu. Nyumbani wote mnasema, "Muulizeni Koku, yeye ndiye aliyekuwa naye kila mahali," nami nanyamaza, mnadhani ni majonzi. Ni kweli nilikuwa naye kila mahali, lakini nilikuwa nimekaa nyuma, kwenye keria ya baiskeli. Ninachokikumbuka ni kisogo. Ule mkunjo wa shingo, kola iliyopauka, jasho likishuka tukipanda mlima wa kwenda kanisani. Nikijaribu kumgeuza aniangalie, pale penye uso hapaji kitu.

Sasa shikamoo, Mama. Kifua cha Bibi kimepoa? Na wewe mgongo unaendeleaje, au bado unabeba mikungu mwenyewe wakati Mugisha yupo? Mimi mwili ni mzima. Ningekupigia, ila wewe simu huwa unaiweka sauti kubwa, na kabla sijamaliza sentensi Bibi ameshajibu kutoka jikoni. Hili nataka ulisikie wewe kwanza. Barua ataileta mama mmoja wa jumuiya yetu anayepanda basi Nyegezi kesho.

Kilichonifanya niandike ni kazi niliyopewa na Baba Mdogo pale kwenye karakana yake ya mbao. Unajua mnataka kumwekea Baba kibao kwenye kaburi, kibarikiwe kwenye misa ya kumbukumbu Desemba, watu wote wakiwa nyumbani. Baba Mdogo alisema hatanunua cha dukani. Ametafuta ubao wa mninga, mpana, hauna kifundo hata kimoja, akaniambia mbele ya mafundi wote, "Sura ya kaka yangu utaichonga wewe. Kati ya mafundi hapa hakuna mwingine anayemjua."

Nikajibu, "Ndiyo, Baba Mdogo." Ningejibu nini?

Huko nyumbani mnasema mashine ya karakanani, ile inayoongozwa na kompyuta, inachonga yenyewe. Haina macho, Mama. Mteja anakuja na picha kwenye simu, labda ua aliloliona kwenye mlango wa jirani, anasema nataka hivi hivi. Mashine hailijui ua. Inajua njia tu: biti, kile chuma kinachokata, ishuke wapi, ipite wapi, inyanyuke wapi. Kwa hiyo nakaa kwenye kompyuta nafuata kingo za ua, jani kwa jani, nafuta vivuli, naunganisha mistari iliyoachana, mpaka picha inakuwa njia. Maneno yote ya humo ni ya Kiingereza, ndiyo maana mafundi wananiita Nshomile, kwa ule utani wao kwamba sisi Wahaya tumezidi kusoma. Fundi Masanja akiona nimekwama anapaza sauti, "Nshomile, leo mashine imekataa Kiingereza cha Muleba?" Wanacheka, nami nacheka kidogo, halafu narudi kwenye kioo cha kompyuta. Hayo ndiyo mazungumzo yangu ya siku nzima.

Ua lina mistari. Uso hauna, una vilima na mabonde. Kwa hiyo picha ya uso inageuzwa kuwa ya kijivu, na mashine inafuata mwanga: palipo peupe panabaki juu, palipo peusi panachimbwa. Nilichukua picha ya Baba ya hapo sebuleni nyumbani, ile ya ubatizo wa Mugisha, ambayo Baba amevaa shati jeupe. Baba Mdogo aliipiga kwa simu bila kuitoa kwenye fremu. Nikaigeuza kijivu, nikatengeneza faili, nikaweka ubao. Sikuipima kwa jicho langu kwanza. Niliharakisha, Mama, kwa sababu sikutaka kuitazama muda mrefu na kuona kwamba simtambui.

Biti ilipomaliza tukapuliza vumbi. Shati lilikuwa limesimama kama mlima. Uso, kwa kuwa Baba alikuwa mweusi, mashine ilikuwa imeuchimba ukawa shimo. Na ule mng'ao wa kioo cha fremu umekuwa nundu shavuni.

Masanja akainama akatazama. "Kumbe marehemu alikuwa shati tu?"

Wengine wakacheka, halafu wakamwona Baba Mdogo amesimama nyuma yao. Hakumkaripia mtu. Alichukua gunia akaufunika ubao, akaniambia taratibu, "Rudia, mwanangu. Wewe unamjua." Akavaa viziba masikio vyake akarudi kwenye msumeno. Afadhali angenigombeza.

Ubao uliobaki ni mmoja. Ameukata upande wa pili wa gogo lile lile, na mwingine kama huo hatapata kabla ya kusafiri.

Tangu siku hiyo naitengeneza ile picha kwa mkono. Naondoa nundu, nalishusha shati, naupaka uso mwanga mahali panapotakiwa kunyanyuka. Lakini ili upake lazima ujue pua inaanzia wapi kupanda, na mfupa wa shavu unaishia wapi, na picha haisemi, imepigwa jua likiwa utosini. Nimejifungia bafuni nikajipapasa uso wangu mbele ya kioo, kwa kuwa ulishasema paji langu ni lake. Juzi nilijaribu faili kwenye kipande cha mbao laini. Masanja akakigeuza geuza mkononi.

"Sasa huyu ni mtu," akasema. Baadaye, bila utani, akaongeza, "Ila ni nani?"

Nadhani aliona macho yangu, maana alichukua ufagio akaenda kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

Mama, nyumba hii ina ukimya. Mama Mdogo bado anafundisha Sengerema, anakuja mwisho wa mwezi. Mimi na Baba Mdogo tunakula redio ikiongea. Ananiuliza, "Umeshiba?" Nasema, "Nimeshiba." Basi. Jumapili nyingine huwa nateremka Nyegezi nakaa kwenye mawe ya ziwani, naangalia upande mnaokaa ninyi, naona maji tu.

Kuna jambo lingine. Tukitoka karakana Baba Mdogo hutangulia, mimi nafuata nyuma. Kisogo chake ni kile kile. Mkunjo ule ule wa shingo. Mara ya kwanza nilipouona nilisimama katikati ya njia mpaka bodaboda akanipigia honi. Tangu nimefika hapa nimekuwa nikitembea nyuma ya shingo ile, na uso wake sijawahi kuutazama sawasawa. Ulinifunza kupiga magoti na kuinamisha macho mbele ya wakubwa, nami nimeshika sana. Namjua kwa viatu vyake. Namjua kwa sauti. Ukiniambia nieleze pua yake, sina cha kusema, na huyu yuko hai, tunakula meza moja.

Bibi husema walikuwa wanafanana mpaka walimu wanawachanganya. Kwa hiyo naomba ruhusa yako, Mama. Nataka nimwombe akae pale dirishani kwenye mwanga, ageuke upande, halafu ageuke mbele, nami nimtazame mpaka nimalize. Lakini ili nimwombe lazima nimwambie kwanza kwamba mimi, ambaye anadhani namjua kaka yake, sura yake siijui.

Nisalimie Bibi, mwambie dawa ya kifua anywe hata kama ni chungu. Msalimie Mugisha, aache kulala darasani. Shangazi Advera anayekaanga senene, mwambie msimu wa kuwakamata ukifika anifungie hata kidogo, wauzaji wa hapa wanatia chumvi kama wanagombana nayo. Na ukipita kaburini msalimie Baba. Usimwambie niliyoandika, nitamwambia mwenyewe nikija.

Lango limelia. Baba Mdogo amerudi kutoka kwenye kikao cha jumuiya, anakung'uta matope ya viatu barazani. Kila nikiandika na kumsikia anakuja, naisukuma karatasi chini ya kitabu na kujifanya nasoma. Leo sijaisukuma. Ipo hapa mezani, maandishi juu, na neno Baba linasomeka hata kutoka mlangoni.

Anakuja koridoni. Amesimama. Mama, nainua macho.

Mwanao wa nyuma ya baiskeli,
Koku