Prosesa ya Upendo

Alhamisi, Igowole

Kosa si la fundi. Ni mimi na mdomo wangu.

Upendo aliniachia laptop yake ya magemu, nimpelekee fundi Iringa asafishe feni tu. Mimi nikataka kumfanyia makubwa. Nikanunua na prosesa mpya, ule ubongo wa kompyuta, kubwa kuliko zote dukani, maana mwanangu si wa vitu vidogo. Kwaya nzima nimeitangazia.

Fundi akaigeuzageuza. "Mama Upendo, hii ni ya kompyuta ya mezani. Ya laptop imechomelewa kwenye bodi, haibadilishwi. Nisafishe feni uende zako."

"Unanifundisha mimi? Mashine yangu ya kusaga nimeifunga mota kubwa kwa mikono hii. Bandua!"

"Ikifa je, mama?"

"Bandua!"

Akabandua kwa moto. Mpya haikuingia, ya zamani haikurudi. Laptop imekufa kabisa. Gemu alilolitengeneza Upendo kwa miaka miwili limesalimika kwenye diski, lakini diski bila mashine ataifanyia nini? Na kompyuta za chuo haziliwezi, alishaniambia.

Nilikuwa najipanga kumwambia, akapiga yeye kutoka Mbeya.

"Mama, wamenichagua! Jumatatu naonyesha gemu langu mbele ya chuo kizima. Kesho nakuja kuchukua laptop. Feni imesafishwa?"

Mimi, mama yake mzazi, nikapiga vigelegele. Mungu anisamehe. Nilipiga vigelegele mpaka salio lake likaisha.