Mpiga Penalti wa Nyanga

Jumapili, 8 Mei 1988
Baada ya ibada, kibanjani kwao Anselmi, kipa wetu, kwenye shamba lao la migomba, kama kawaida. Mimi napiga, yeye anadaka. Goli letu ni migomba miwili. Wengine kwenye timu yetu ya Nyanga wanacheza mpira. Mimi naingizwa mwishoni kupiga penalti au faulo, basi. Kazi nzuri kwa mvivu. Leo Anselmi amechoka upesi. Tukalala kwenye matandazo, tukatazama ukungu ukipanda kutoka ziwani.

Jumatano, 18 Mei
Mazishi kule Kibeta. Winga wetu. Mechi imeahirishwa tena. Maiti ikiwa haijazikwa, jembe halishikwi, na mpira vilevile. Mchana nikasinzia. Nikaota mpira niliopiga haushuki. Unapita juu ya migomba, juu ya ziwa, unakwenda tu. Sikutaka kuamka.

Jumamosi, 28 Mei
Anselmi amekonda sana. Kipa wa akiba amekataa kuvaa jezi yake. Ilivushwa kwa magendo mpakani Mutukula, kutoka Uganda, pamoja na vitambaa vya Juliana, na ugonjwa huu wa kukondesha watu nao wanauita Juliana. Eti umo kwenye uzi. Watu wazima! Kocha akasema ichomwe. Nimeichukua mimi, kwa vidole viwili. Nimeogopa kama wao.

Jumatano, 8 Juni
Fainali ni Jumapili. Anselmi anataka kudaka. Kocha akaona haya kumkatalia, akasema: udake kwanza penalti ya huyu, kesho. Huyu ni mimi. Nikipiga polepole, atacheza. Njiani Anselmi akanishika mkono.
"Waitu, ndugu yangu, usinihurumie. Nitajua."
Namchukia kocha.

Alhamisi, 9 Juni
Nimepiga kwa nguvu zote. Aliruka upande ule ule wa mpira, ananijua. Mikono haikufika. Kocha akaondoka. Nikalia. Anselmi, chini bado, anatabasamu na majani kichwani.
"Kasinge," akanipongeza. "Wewe tu ndiye hujaanza kunizika."

Jumapili, 12 Juni
Nimeingia dakika za mwisho. Penalti. Jezi ya Anselmi nimeivaa ndani, chini ya yangu. Nimefunga. Wakaja mbio wote, kipa wa akiba mbele, wakanikumbatia, wakanirukia. Nikaenda kumsimulia Anselmi. Akacheka mpaka akakohoa. Kombe limelala kitandani kwake.

Jumanne, 26 Julai
Matanga yameisha. Jembe limeshikwa tena. Anselmi amezikwa kibanjani, hatua chache nyuma ya goli letu. Nilikwenda kusalimu tu. Mama yake akaingia ndani, akatoka na mpira.
"Piga, mwanangu. Nimezoea kuusikia."
Nikapiga. Ukapita katikati ya migomba, ukatua kwenye matandazo. Nikaenda kuuokota mwenyewe. Nikapiga tena, mpaka mama akaniita tule.