Kompyuta Iliyonyamaza

Jumatatu, 6 Oktoba
Ofisi imeweka mfumo mpya kwenye kompyuta zote. Yangu ya huku nyumbani imekuwa bubu! Programu inayonisomea skrini haielewani na mfumo huo — kimya kabisa. Kazi yangu ni kuchapa yale madaktari waliyorekodi. Nawasikia, vidole vinachapa, lakini sijui nimechapa nini. Kipofu mara mbili. Haya nayatoboa kwa nukta nundu, kama shuleni.

Jumatano, 8 Oktoba
Redio nzima ni mfumo mpya tu. Michezo ya kompyuta inakwama, printa zinagoma. Msemaji wa kampuni iliyoutengeneza kasema shida ni ya watu wachache. Wachache! Dada yangu Ligaya kacheka: basi ninyi wachache pigeni kelele za wengi. Kaita watu wa televisheni.
Meneja, Bwana Escalante, kanipa mpaka Jumatatu kompyuta iwe imesema. Ikishindikana, pole sana, Perlita.
Sitaki kurudi kukanda migongo kule kwenye jumba la maduka. Miaka yote ile nikinuka mafuta ya nazi! Sitaki.

Ijumaa, 10 Oktoba
Wamekuja. Ligaya kawapikia tambi za pancit, wakala mpaka wakafuta sahani. Mwandishi ni binti mchangamfu, Jinky. Nikamweleza yote: programu, mfumo, nani wa kurekebisha, hata ile kazi ya kukanda nisiyotaka kuirudia. Kanisikiliza vizuri.
Kisha: "Shangazi, kompyuta iliyonyamaza haina picha. Hebu mkande mpiga picha wetu kidogo, mabega yanamuuma."
Mgeni kala kwako, utamnyimaje? Nikamkanda. Akaguna kwa raha, tukacheka wote.

Jumapili, 12 Oktoba
Habari yetu imetoka. Michezo kwanza. Halafu printa. Halafu mimi — muziki wa matanga, mguno wa yule mpiga picha, na Jinky: kompyuta imemwacha, lakini mikono yake bado inaona.
Basi! Programu haikutajwa hata kwa bahati mbaya. Ligaya kazima televisheni. Nimelia mpaka kichwa kinauma.

Jumatatu, 13 Oktoba
Bado bubu. Bwana Escalante kapiga asubuhi. Kaniona jana, roho yake imetulia — kumbe nina kazi nyingine! Nikasema hapana, bwana, ile ilikuwa — Kanikatiza: Mungu hamtupi mja wake.
Tangu hapo simu haipoi. Hakuna anayeuliza habari za kompyuta. Mama mmoja wa mtaa wa Jaro kiuno kimemshika, anataka kukandwa saa tisa leo. Nimemwambia nitampigia.
"Utamjibu nini?" Ligaya kauliza, taratibu.
Nikamwomba aangalie kama yale mafuta ya nazi bado yapo. Aangalie tu.
Yapo.
Simu inalia tena.