Tulivyoisifu Kliniki ya Abeli

Mkonze,
Dodoma.
22 Juni 2025

Mpendwa kaka Filipo,

Shikamoo. Habari za huko Lindi? Wifi Miriam hajambo, na kile kikohozi cha Brighton kimekwisha? Sisi huku tunapumua. Mama magoti bado yanamsumbua, lakini Jumapili anafika kanisani kwa miguu yake, na mtu wa kumsindikiza hamtaki.

Mtama mwaka huu umetoka kidogo. Alizeti ndiyo iliyotufuta machozi, kwa hiyo chakula kisikutie wasiwasi.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu hainifai. Ukipiga, mama huwa ameketi ubavuni kwangu, naye amenikataza kukwambia, anasema utaacha kazi uje. Ndiyo maana ukiuliza habari za mdogo wetu Abeli huwa nakujibu kwamba anaendelea vizuri. Si kweli, kaka. Abeli tumemfunga kamba tangu mwezi wa tano.

Unakumbuka alivyokuwa amepata nafuu. Nesi Mwantum, yule binti wa Kondoa, alikuwa anakuja na pikipiki kila mwezi kwenye zahanati yetu kwa ajili ya kliniki ya wagonjwa wa akili. Anamchoma Abeli sindano yake, anamuuliza analalaje, anakula nini. Abeli akarudi kuchunga mbuzi, akarudi hata kwenye kwaya. Tatizo lilikuwa dawa. Miezi mingine nesi alifika mikono mitupu, akaketi tu na wagonjwa, akawasikiliza, akaondoka.

Januari tukaambiwa watu wa tathmini wanakuja kuwauliza wagonjwa na ndugu zao kama huduma hii inafanya kazi. Basi sisi wenye wagonjwa tukakutana baada ya ibada. Mzee Batholomeo, ambaye binti yake naye alikuwa anatibiwa pale, akasema, "Tukitaja dawa, atakayeandikiwa barua ya onyo ni huyu nesi, si wale wa ofisini." Tukaona kasema la maana. Unatujua, mtu akitutendea wema hatumwaibishi mbele ya wageni. Tukakubaliana jibu moja: kila kitu kipo, tunashukuru.

Wakaja vijana wawili na vishikwambi vyao, wapole, wanaamkia kila mtu. Tukawajibu kama tulivyopanga. Mimi hata chumvi niliongeza.

Mwezi wa tatu mwenyekiti wa mtaa akatusomea matokeo mkutanoni. Tumepata alama za juu, watu wakapiga makofi, nami nikapiga. Kisha akasoma yaliyofuata: kwa kuwa hapa huduma imesimama vizuri, nesi anahamishiwa upande wa Kongwa, ambako watu walisema wazi kwamba hali ni mbaya. Wagonjwa wetu wafuate dawa mjini. Mzee Batholomeo alisimama kutaka kueleza, akaambiwa ripoti imeshakwenda. Majuto ni mjukuu.

Nilimpeleka Abeli mjini. Tulipofika Kizota akaruka garini, akakimbilia kwenye karakana moja, mafundi wakamdhania mwizi. Alirudi nyumbani mdomo umepasuka, na tangu siku hiyo hapandi gari lolote. Vidonge anavitema. Mwezi wa tano akampiga mama kwa mchi. Mkono haukuvunjika, ila hadi leo hawezi kukuna nazi wala kusonga ugali. Waliomfunga ni mjomba Ebenezer na wanawe, lakini kamba, ile ya ndama, mama aliileta mwenyewe.

Liko jambo ambalo hata mama sijamwambia. Siku ile ya maswali Abeli naye aliulizwa. Alikuwa ametulia kabisa. Akawahesabia kwa vidole: Agosti sindano haikuwepo, Oktoba haikuwepo, Desemba haikuwepo. Hakukosea hata mwezi mmoja. Kijana aliyekuwa anaandika akasita, akanitazama mimi. Nikamwambia, "Usimsikilize, ni ugonjwa wake huo. Miezi inamchanganya." Akafuta. Mtu mmoja tu ndiye aliyesema kweli siku ile, na mimi dada yake nikamfanya mwendawazimu. Kaka, naona aibu hata kusali.

Nimeshakwenda kwenye ofisi ya kata mara tatu. Wananipokea vizuri, wananipa kiti, wananiambia nisubiri tathmini nyingine, na hiyo ni baada ya miaka mitatu. Sioni pengine pa kubisha hodi. Sikuandikii ili uje, maana hata ukija sijui tutafanya nini. Nimeandika kwa kuwa nimechoka kukudanganya. Ukipiga simu, muulize mama habari za alizeti tu, asijue kwamba nimekwambia.

Jana nilimpelekea Abeli uji. Akaunywa wote, akaniuliza kwa upole, "Dada, mtanifungua lini?" Nikamjibu, "Kesho." Hilo ndilo jibu ninalompa kila siku. Akaniambia asante.

Mjomba Ebenezer anakusalimu, na mama anawasalimu kwa Kigogo, mbukwenyi nyote. Mbusu Brighton, umwambie wifi khanga zilifika na mama anazivaa. Mungu awafunike huko mliko, na sisi huku asitusahau.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye sana,
Hilda