Kisu Nilichokificha

Njombe, nyumbani kwa marehemu mama mkwe

Dada yangu Raheli,

Kamwene, kama wanavyosalimiana huku. Kifua chako kimepoa? Mama anakula vizuri? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio mgonjwa.

Ni miezi minne tangu tufunge ndoa, na bado Lukasi akiingia mlangoni nasahau nilichoshika! Kule Makambako, akitoka kwenye kazi yake ya ukarani wa baraza la mji, nilikuwa namsikia akiniimbia tangu njiani. Sasa mama yake amefariki, tumekuja kuzika, na Lukasi wangu hajatoa chozi. Asubuhi na jioni huingia kwenye mianzi ya mama yake, akachonga ncha kwa kisu, akagema ulanzi, ile pombe ya mianzi, akawapa waombolezaji, basi. Mimi nililia kwa ajili yetu wawili, nimemng'ang'ania shati, hadi shangazi yake akanitania mbele ya watu: "We bibi harusi, tumemzika mama mkwe au mume?"

Nikadhani kisu ndicho kinachomzuia kulia. Nikakificha ndani ya unga ili akae nami. Siku mbili, dada! Na mwanzi usipochongwa hukauka. Umebaki mmoja tu unaotoa ulanzi. Hakunigombeza. Alisema, "Kugema alinifundisha mama." Kisha: "Jumatatu narudi Makambako. Wewe nenda kwenu ukapumzike."

Nipumzike vipi, nami nisipomwona siku moja sili?

Ndipo nikakukumbuka. Baba alipofariki ulilima shamba zima la viazi, macho makavu, nami nikakunyang'anya jembe, nikakuita moyo wa jiwe. Hukunisemesha hadi mavuno. Nisamehe, dada. Kumbe ulikuwa unamlilia baba kwa jembe lile. Laiti ningechukua la pili nikalima kando yako.

Kisu nimekifuta unga, nimekiweka mlangoni. Kesho asubuhi akienda kwenye ule mwanzi mmoja nitamfuata, nimshikie kibuyu cha kukingia ulanzi, nisiseme neno. Mimi, nisiseme neno! Naogopa, dada. Niombee.

Nisalimie mjomba mwalimu wa kwaya, na bibi aliyenifunda. Mama mwambie nampenda, ila kitanda changu asikitandike bado. Barua hii ikikufikia nami sijafika nyuma yake, ujue Lukasi amenipa kibuyu nishike.

Ni mimi mdogo wako, niliyeolewa nikapenda kupita kiasi,
Eliza