Unga Pembeni mwa Kasha

Kijijini, 9 Agosti 1981

Mwanangu Sylvester,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, goti tu linanisumbua. Wewe je, na useremala huko Isevya, Tabora?

Mwanangu, nimepigwa na butwaa. Leo nimefungua kihenge nichukue mahindi ya kusaga. Nimeingiza mkono, umetoka na unga! Unga, Sylvester, na mimi sijasaga! Mahindi yote matundu matupu, na ndani vidudu vyeusi, vidogo kuliko punje ya mchele. Fukusi namjua, huyu siye.

Zimebaki zile mbegu za akiba nilizoning'iniza kwa shangazi yako Imakulata. Nazo zikiwa zimeingiliwa, mvua za Novemba zitanikuta sina cha kupanda. Natamani kukimbilia kuzitazama, ila naogopa nisije nikazipelekea wadudu mwenyewe. Muulize jirani yako Damas, yule bwana shamba: nizikague vipi?

Mama yako,
Apolinaria

Tabora, 23 Agosti 1981

Mama mpendwa,

Milele, amina. Shikamoo. Mimi sijambo, ila barua yako imenishtua hadi nikaangusha randa.

Damas anamwita mdudu huyo dumuzi. Anasema ulivyosita umefanya la maana. Oga kwanza, vaa nguo safi, usichukue gunia wala ungo wa nyumbani. Zikague hukohuko kwa shangazi, juani, juu ya shuka jeupe. Gonga hindi mojamoja; likidondosha unga, choma. Hata yakionekana mazima, pukuchua kiasi, tia chupani, ziba, ungoje wiki tatu, maana mayai yake hujificha ndani ya punje. Na usiyarudishe kihengeni kamwe. Dumuzi hutoboa hata miti, akakaa humo.

Nakutengenezea kasha jipya la kuyahifadhi. Rafiki yangu Bundala atakuletea kwa lori lake.

Mwanao,
Sylvester

Kijijini, 27 Septemba 1981

Mwanangu Sylvester,

Marahaba. Goti limepoa, nami nina furaha, acha tu!

Nilioga mchana kweupe, nikaenda kwa shangazi yako na gauni la kanisani. Akaniuliza, "Wifi, unaolewa?" Nikamwambia nakwenda kuposa mahindi. Tuligonga hindi mojamoja mpaka mikono ikafa ganzi. Safi! Chupa tuliiweka dirishani kwake, na wiki tatu zimekwisha bila unga hata chembe.

Kasha limefika. Majirani wanakuja kulishika, na jina langu ulilochonga kifunikoni nalisoma mwenyewe. Kisomo cha watu wazima hakikuwa kazi bure. Mbegu zote zimo, nimefunga kwa kufuli. Ila fundi gani wewe hufuti kazi yako? Pembeni mwa kasha palikuwa na unga wa mbao, laini, nikaupangusa kwa khanga. Marehemu baba yako angekuchapa.

Mama yako,
Apolinaria

Tabora, 4 Oktoba 1981

Mama, shikamoo.

Sikuacha unga! Nililipiga msasa, nikalipaka mafuta, nikalifuta mara mbili. Mama, mbao zile nilizipata lilipovunjwa ghala moja la zamani, njia ya Ujiji. Ghala la mahindi. Mungu wangu! Mkono huuhuu ndio uliokuandikia kwamba dumuzi hutoboa miti!

Toa mbegu leo hii. Ningekuja mwenyewe, lakini mji mzima hauna mafuta na lori la Bundala limelala.

Mwanao,
Sylvester

Kijijini, 10 Novemba 1981

Mwanangu Sylvester,

Marahaba. Barua yako imelala parokiani mwezi mzima. Padri naye hana mafuta ya gari. Nimeipata juzi baada ya misa, nikaisoma nimesimama, nikarudi mbio na goti hilihili.

Nilifungua kufuli, nikakuta unga.

Nilikulaani, mwanangu, kwa sauti, mpaka shangazi yako akaniziba mdomo. Nisamehe. Kisha yeye ndiye aliyesema, "Wifi, na ile chupa?" Lo! Tulikuwa tumeisahau palepale dirishani kwake, na kizibo chake. Tukaitikisa juani: punje zote nzima, zinalia kama kayamba. Jana tumezipanda. Ni mistari mitatu tu, si shamba. Mwaka huu tutakula michembe, viazi vya kukausha, lakini mbegu itakuwepo.

Kasha nimelichoma uani. Lilikuwa zuri, Sylvester, zuri kweli. Kifuniko ndicho kilichochelewa kushika moto, nikawa nasoma jina langu mpaka likaisha. Nililia, wala si mahindi niliyokuwa nayalilia.

Mama yako,
Apolinaria